Naomba ushauri: raketi ya mpira wa vinyoya kwa kijana, nyuzi zivutwe kwa ratili ngapi?

Mwana wa Langoni
Assalaam alaykum ndugu zangu. Kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma tu humu bila kuandika, lakini leo nimekwama. Kijana wangu ameupenda mpira wa vinyoya kuliko chochote. Kila alasiri yuko uwanjani hapa Lamu, karibu na bahari, na hata wakubwa wake huwashinda. Ninataka kumpa raketi ya maana, ya kaboni, kabla kipaji hakijapotea. Ipo moja Mombasa, imetumika kidogo: ina alama ya uzito ya 3U, mpini wenye unene wa G4, shina gumu, uzito wake umeelemea kichwani, na nyuzi zake zimevutwa kwa ratili 28. Swali langu ni moja tu. Je, nyuzi niziache kwa ratili 28 au nizishushe hadi 26? Mwenye raketi anataka jibu kabla ya Alhamisi, nami usingizi sina.

Fundi wa Nyuzi
Waalaykum salaam. Kabla hatujafika kwenye ratili, tuambie kijana ana umri gani. Nyuzi zikivutwa sana, lile eneo la katikati linalorusha kinyoya vizuri hupungua, na pigo lililokosea hurudisha mtetemo wote mkononi. Ratili 28 ni za mtu anayefanya mazoezi kila siku chini ya mwalimu na ambaye mkono wake umekwisha kukomaa. Anayejifunza hutoshelezwa na ratili 18 hadi 22, kwa sababu nyuzi zenye ulegevu kidogo humsaidia kukifikisha kinyoya mbali bila kujikamua. Tazama pia maandishi madogo yaliyo kwenye fremu au karibu na mpini. Kiwango cha juu cha kuvuta huandikwa hapo, na mimi nimezipokea fremu nyingi zilizopasuka kwa sababu mtu hakusoma.

Baharia Mstaafu
Mambo ya ratili na U mimi siyajui. Zama zetu raketi zilikuwa za mbao, na usiku zilibanwa ndani ya kibanio chenye skrubu nne, moja kila pembe, kwa kuwa unyevu wa pwani huupinda mti. Bwana mmoja niliyemfanyia kazi Mombasa alinipa yake kuukuu. Usiku mmoja wa masika nikasahau kuibana, na kulipopambazuka ilikuwa imepinda kama upawa. Nikaichezea hivyo hivyo mwaka mzima, na hakuna aliyenifunga kwa urahisi, maana mpinzani hakujua kinyoya kitaelekea wapi, na kusema kweli hata mimi sikujua. Kwa hiyo usikose usingizi, mwanangu. Chombo ni mtu, si raketi.

Mama Mkomani
Mimi ninauliza jambo ambalo hakuna aliyeliuliza. Alasiri ni wakati wa chuo. Huyo kijana aliye uwanjani kila alasiri, msahafu anaufungua saa ngapi? Tumeanza kuwanunulia watoto vitu vya maelfu ya shilingi, na ukimwuliza akusomee sura fupi anakutazama kama mgeni aliyeshuka kwenye boti.

Mwana wa Langoni
Bi Mkubwa, shikamoo. Chuo anahudhuria asubuhi kabla ya shule na tena baada ya magharibi, na mwalimu wake hana malalamiko. Fundi, ninakushukuru, lakini umri si hoja hapa kwa sababu ameumbika vizuri na mkono wake una nguvu. Ninachotaka kujua ni kama ratili 26 zitamtosha.

Kocha wa Malindi
Bwana wa Langoni, ukienda kwa fundi viatu ukakataa kuonyesha mguu, utashonewa nini? Umri wake, tafadhali, na kimo chake.

Mwana wa Langoni
Ametimiza miaka 8 mwezi wa Rajabu. Kimo ni mita 1.25 hivi, nilimpima ukutani.

Ninajua mtakachosema, kwa hiyo acheni nitangulie. Sisi sote tulivalishwa kanzu za sikukuu zilizotuzidi, zikapigwa pindo, na kila mwaka pindo likashushwa mpaka kanzu ikatuenea. Raketi hii ni shilingi 9,500, na arubuni ya 3,000 nimekwisha kuitoa. Nikimnunulia ndogo leo, baada ya miaka miwili nitanunua nyingine. Hii ataingia ndani yake polepole. Mtu akinieleza kwa nini ninunue mara mbili kitu ninachoweza kukinunua mara moja, nitamsikiliza.

Kocha wa Malindi
Kanzu hupigwa pindo. Raketi haipigwi pindo. Sheria za mchezo haziruhusu raketi izidi milimita 680, na nyingi za watu wazima zina 675 hivi. Kwa mtoto wa mita 1.25, hicho ni chombo kinachozidi nusu ya kimo chake. Mimi nina mita 1.70, ili nionje anachokionja yeye, ningepaswa kupewa raketi ya sentimita 92, halafu niambiwe nicheze kwa wepesi.

Uzito nao usikudanganye. Alama ya 3U ni gramu 85 hadi 89, na mtu akisikia gramu hucheka, kwa kuwa embe moja linazidi hapo. Lakini embe hulishiki kwenye ncha ya ufito mrefu ukalizungusha mara mia mbili kwa alasiri. Uzito ukielemea kichwani na shina likiwa gumu, mtoto hawezi kulipinda shina hilo kwa kasi yake ndogo, kwa hiyo pigo halipati msaada wowote kutoka kwenye raketi. Atakachofanya ni kuushika mpini kwa ngumi na kutupa bega zima, wakati mchezo huu unataka mkono wa mbele uzunguke na vidole vikaze mwishoni tu. Tabia hiyo nimewahi kuhangaika nayo kwa mtoto mmoja miaka miwili bila kuing'oa yote.

Kwa umri wake tafuta raketi fupi ya sentimita 58 hadi 60, nyepesi, yenye mpini mwembamba. Hata ya alumini inatosha kwa sasa, ingawa najua neno hilo litakuudhi.

Punda wa Mkunguni
Nikiwa punda wa Lamu mwenye uzoefu, ninaomba kutoa ushahidi. Sisi nasi tulibebeshwa mizigo mikubwa tukiwa wadogo, tukaambiwa tutakua nayo. Hatukukua nayo. Tulijifunza kusimama katikati ya njia na kugoma tu.

Fundi wa Nyuzi
Kocha amesema kweli kwa sehemu kubwa, ila kuhusu urefu mimi sikubaliani naye kikamilifu. Nimewaona watoto wa miaka 9 wakiicheza vizuri raketi ya urefu kamili, mradi iwe ya 5U, yaani gramu 75 hadi 79, shina lake likiwa laini, na wakifundishwa kuushika mpini juu kidogo. Kinachonitisha katika hii ya Mombasa ni kwamba kasoro zote nne zimekutana: nzito, ngumu, imeelemea kichwani, na ratili 28. Kuhusu mpini, katika alama hizi namba ikipanda unene hupungua, kwa hiyo G4 ni nene kuliko G5. Mpini ukimzidi mtoto, vidole havifungi vizuri, naye hukaza mkono wakati wote. Usiongeze kitambaa juu ya kitambaa. Vua cha zamani kwanza, kisha uzungushe kimoja chembamba.

Ukitaka kujua kama raketi ya urefu kamili imeelemea kichwani, ilaze juu ya kidole kimoja mpaka itulie, kisha pima kutoka ncha ya mpini hadi kwenye kidole. Ikizidi sentimita 29 na nusu, ujue hiyo imetengenezwa kwa ajili ya watu wa kupiga smashi, yaani pigo la nguvu kutoka juu kwenda chini.

Mwana wa Langoni
Lakini smashi ndiyo anayoipenda! Na raketi anayoitumia sasa ni yangu ya zamani, ya chuma, nzito kuliko hii ya Mombasa. Kama ameimudu hiyo, hii ya gramu 85 itakuwa nafuu kwake. Mbona hamlioni hilo?

Muuguzi wa Pwani
Umesema ameimudu. Ninauliza swali fupi nikitaka jibu fupi: je, mtoto amewahi kulalamika maumivu ya bega, kiwiko au kifundo cha mkono?

Mwana wa Langoni
Watoto hulalamika mengi.

Muuguzi wa Pwani
Hilo si jibu.

Mwana wa Langoni
Kiwiko cha mkono wa kulia, upande wa ndani. Ni wiki tano sasa. Mamake humkanda kwa mafuta ya simsim usiku, na asubuhi huwa nafuu. Nilidhani raketi nyepesi ingeyamaliza, na ndiyo maana ninaharakisha.

Muuguzi wa Pwani
Sasa tumefika kwenye kiini cha jambo. Mfupa wa mtoto wa miaka 8 bado unakua, na sehemu zile zinazokua ni dhaifu kuliko mfupa uliokomaa. Zikirudiwa kuvutwa na kugongwa kila siku, huumia, na mafuta ya simsim, pamoja na heshima yangu yote kwa simsim, hayazifikii. Maumivu ya wiki tano hayangoji Alhamisi ya mwenye raketi. Mtoto aache kucheza leo, apelekwe hospitalini aangaliwe, na habari ya kununua chochote irudi baada ya hapo.

Kocha wa Malindi
Nami ninaongeza kitu kimoja nilichopaswa kukiuliza mapema. Umesema wanacheza karibu na bahari. Kinyoya cha manyoya kina uzito wa gramu 4.74 hadi 5.50 tu, na mchezo huu hufanyiwa ndani ya ukumbi kwa sababu hiyo. Wakati huu wa kusi mtoto anayesimama upande unaopokea upepo hulazimika kupiga kwa nguvu zake zote kila mara, na kinyoya humrudia usoni. Upepo nao umo katika kiwiko hicho. Shirikisho la dunia lilizindua mwaka 2019 mchezo wa nje wenye kinyoya chake maalumu, lakini sisi tusio na kinyoya hicho tutafute ua wenye kuta ndefu. Nyumba za kale za Lamu hazikunyimwa kuta.

Jicho Kali
Samahanini wote, nimesoma mpaka hapa nikiuma ulimi. Huyu bwana hana mtoto. Ramadhani iliyopita, katika mjadala wa humu wa mapishi ya futari, aliandika kwamba anaishi peke yake na kwamba viazi vya nazi hujipikia mwenyewe. Leo ana kijana wa miaka 8 mwenye mama wa kumkanda! Tena mwanzoni alituambia kijana huwashinda wakubwa wake. Mtoto wa mita 1.25, kwa raketi ya chuma, katika upepo wa kusi? Kisha angalieni jinsi alivyotaja 3U, G4, ratili na bei, kama tangazo la dukani. Mimi ninasema raketi ni yake, mtoto ni wa kubuni, na mnunuzi anayetafutwa ni mmoja wetu.

Punda wa Mkunguni
Kama ni tangazo, basi ni la kwanza duniani kumtia mteja maumivu ya kiwiko kabla hajanunua.

Mama Mkomani
Nilijua. Mwenye mtoto hakosi kujua saa za chuo, na huyu alijibu upesi mno.

Baharia Mstaafu
Bi Mkubwa, akichelewa kujibu mngesema anatunga. Mwacheni aseme.

Mwana wa Langoni
Viazi vya nazi ninavipika mwenyewe, ni kweli, na sijaoa. Mtoto ni wa dada yangu. Baba yake yuko kazini mbali na hurudi mara mbili kwa mwaka, na mimi mjomba ndiye niliyemtia mpira huu mkononi. Hapa kwetu mjomba humwita mpwa wake kijana wangu bila kuomba ruhusa ya mtu. Hao wakubwa anaowashinda ni ndugu zake wawili wa miaka 10 na 11. Sikusema ni wazee wenye ndevu.

Sikulitaja jambo la kiwiko kwa sababu dada yangu bado hajui kwamba raketi ile ya chuma ndiyo chanzo. Anadhani mtoto alianguka gatini. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo.

Na hizo sifa za raketi ninazijua kwa kichwa kwa kuwa nilipokuwa na miaka 17 niliitamani ya namna hiyo hiyo, sikuipata.

Fundi wa Nyuzi
Hapo ndipo ulipopaswa kuanzia. Mwandikie mwenye raketi leo, si Alhamisi. Arubuni huenda ikapotea. Shilingi 3,000 zinauma, lakini haziumi kiwikoni.

Jicho Kali
Maelezo mazuri. Maelezo mazuri mno. Sijashawishika.

Mwana wa Langoni (siku nne baadaye)
Ninarudi kama nilivyoahidi faraghani kwa Muuguzi. Nimemweleza dada yangu yote, naye hajazungumza nami tangu Jumamosi isipokuwa kuniambia saa ya kwenda hospitalini. Wamesema apumzike wiki 3 kwanza, kisha aangaliwe tena. Raketi yangu ya chuma iko juu ya kabati la dada, imefungwa kwa leso. Mwenye raketi wa Mombasa amekubali kunirudishia nusu ya arubuni. Nimeagiza ya sentimita 58, nayo itakuja kwa basi hadi Mokowe na kuvuka kwa boti. Kijana nimemwonyesha picha yake, akainung'unikia kwamba ni ya watoto, kisha akauliza kama mpini wake unaweza kuwa mwekundu.

Fundi wa Nyuzi
Kitambaa chekundu ninacho, tena chembamba. Nitakituma kwa basi hilo hilo.

Jicho Kali
Msimamo wangu juu ya mjadala huu haujabadilika. Hata hivyo, kama ile ya 3U bado haijapata mtu, ninaomba nitumiwe faraghani namba ya mwenyewe. Mimi nina miaka 34 na viwiko vyangu vyote viwili ni vizima.