Hamsta mzee amepooza miguu ya nyuma ghafla: nimfanyie nini usiku huu?

MamaWawili_Leicester
Habari zenu ndugu. Hamsta wa watoto, jike, aina ya Syria, miezi 26, gramu 128 kwenye mizani ya jikoni. Jana usiku alikimbia kwenye gurudumu kama kawaida. Leo anajivuta kwa miguu ya mbele, ya nyuma yote miwili inaburuzika. Macho maangavu, anakula akisogezewa chakula. Sioni jeraha, ila manyoya ya chini ya tumbo yamelowa. Tundu lake lina ghorofa mbili na gurudumu la nyaya. Kliniki imenipa nafasi kesho saa nne asubuhi. Je, naweza kumpa tone la panadol ya maji ya watoto? Na nimlaze vipi?

NesiWaWanyama
Pole sana dada. Panadol usimpe, wala ibuprofen, wala aspirini. Kwa mwili wa gramu 128, kipimo ni rahisi sana kukikosea nyumbani, na daktari akikuta dawa hiyo tumboni huenda asiweze kumpa ile inayomfaa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ya miguu ni huko kulowa. Uti wa mgongo ukiumia, kibofu nacho hupooza: kinajaa mpaka mkojo unavuja wenyewe. Ukitazama utadhani anakojoa vizuri, kumbe kibofu hakitoi mkojo wote na figo zinaelemewa. Mtandikie karatasi nyeupe ya chooni isiyo na manukato umwangalie kwa saa moja. Akiacha madoa madogomadogo kila anapojivuta, huko ni kuvuja. Akikojoa mara moja dimbwi dogo, ni afadhali. Usijaribu kumkamua tumbo mwenyewe, kibofu kilichojaa hupasuka.

Piga simu tena kliniki sasa hivi uwaambie maneno haya: amepooza ghafla miguu yote miwili na mkojo unavuja. Usiseme tu kwamba anachechemea, watamwacha mpaka kesho. Kwa kanuni za RCVS, chombo kinachosimamia madaktari wa wanyama, daktari wa wanyama aliye kazini Uingereza anatakiwa ahakikishe huduma ya kwanza na kutuliza maumivu vinapatikana saa 24, hata kama ni kwa kukuelekeza kliniki nyingine. Kama mnapokea msaada wa serikali wa kipato, waulizeni pia PDSA, shirika la hisani la kutibu wanyama, kama mnastahili.

Kumbeba: usimwinue kwa makwapa wala kwa ngozi ya shingo. Sukuma kipande kigumu cha boksi chini yake, umteleze juu yake mgongo ukiwa umenyooka.

Muundi
Naongezea sababu, maana matibabu hufuata sababu.

Ghorofa mbili na gurudumu la nyaya vinanifanya nifikirie kwanza ajali. Hamsta haoni mbali, hutembea hadi ukingoni akaanguka, na mguu ukinasa kwenye waya huku gurudumu linazunguka, mwili unapinda. Mara nyingi huvunjika mfupa wa muundi, lakini hapo ni mguu mmoja na huvimba. Miguu yote miwili kwa mpigo mmoja inaelekeza kwenye pingili za mgongo.

Ya pili ni moyo. Hamsta wa Syria wakizeeka hupata donge la damu kwenye chumba cha juu cha kushoto cha moyo. Huyo hupumua mbiombio, masikio na nyayo huwa baridi na rangi ya bluu, anaonekana kapooza kumbe ameishiwa nguvu. Mwite daktari bila kungoja ukiona hivyo. Kiharusi nacho kipo, ila mara nyingi huja na kichwa kuinama upande au kuzunguka duara, na wengine hupata nafuu ndani ya siku chache. Yabisi ya uzee huja polepole, hailali mzima ikaamka imepooza.

Jambo moja huwadanganya watu: ukimfinya kidole akavuta mguu, si lazima awe amesikia maumivu. Uti wa mgongo unaweza kuuvuta mguu bila ubongo kujua. Daktari atatazama kichwa: anageuka, analia, anataka kuuma? Asipoonyesha lolote, matumaini ya miguu kurudi ni madogo. Mwombe akuambie hilo waziwazi.

Matone ya vitamini na kalsiamu ya dukani hayatarekebisha pingili iliyovunjika. Yanaweza kuwa na maana kwa aliyelishwa mbegu za alizeti tupu kwa miezi, basi.

MamaWawili_Leicester
Asanteni sana. Madoa ni madogomadogo, kama ulivyosema. Nimepiga tena, wamesema nimlete saa mbili usiku huu. Wakimrudisha nyumbani na dawa, nitamtunzaje?

NesiWaWanyama
Afadhali. Dawa ya maumivu inayotumika sana ni meloxicam ya maji. Ya paka ni miligramu 0.5 kwa mililita, ya mbwa ni 1.5, mara tatu ya nguvu. Soma chupa, andika kipimo kwa mililita, uondoke na bomba la sindano la mililita 1 lisilo na sindano. Wakimchoma dexamethasone, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe, waulize kabla ya kuanza meloxicam, kwani mbili hizo pamoja huchubua tumbo. Wakitaja antibiotiki, uliza kama ni salama kwa hamsta: amoxicillin na clindamycin huua bakteria wazuri wa utumbo, wabaya wakastawi, akafa kwa kuhara.

Makazi: sanduku la plastiki la sentimita 60 kwa 40, sakafu moja, hakuna gurudumu wala ngazi. Tandika kitambaa cha flisi, juu yake karatasi laini iliyochanwa. Maranda yanachubua ngozi inayoburuzwa, na pamba ya kutandikia hujisokota kwenye mguu asiouhisi. Chumba kiwe nyuzi 20 hadi 24. Ukiweka chupa ya maji ya vuguvugu, izungushie taulo na uiweke upande mmoja tu. Aliyepooza hawezi kukimbia joto, ataungua kimya.

Muundi
Maji yawe kwenye kifuniko cha chupa, kina kisichozidi sentimita 1, maana kuinukia kwenye bomba hawezi tena. Hunywa takriban mililita 10 kwa gramu 100 za mwili kwa siku. Loweka chakula chake cha kawaida mpaka kiwe uji mzito, ongeza yai la kuchemsha kidogo. Ukimlisha kwa bomba la sindano, mililita 0.2 tu kila mara, kutoka pembeni mwa mdomo, angoje ameze. Ukimmiminia mbele, kinaingia mapafuni. Vyakula vinavyonata viepuke, hukwama kwenye mifuko ya mashavu na kuoza.

Mara mbili kwa siku mfute sehemu ya nyuma kwa pamba yenye maji ya vuguvugu, mkaushe kabisa, kisha paka vaselini nyembamba sana. Usimwogeshe. Kagua visigino kama vimechubuka.

Mpime kila asubuhi. Akipoteza gramu 12 au 13, mpigie daktari siku hiyo hiyo.

NesiWaWanyama
Dada, zungumza na daktari leo kuhusu kumpumzisha, yaani kumsaidia afe bila maumivu, kabla hamjafika huko mkiwa na hofu. Akikataa chakula siku nzima, akihema kwa shida, mkojo ukaziba, au akianza kujitafuna miguu, asingoje. Hupewa kwanza gesi ya usingizi, ndipo sindano. Watoto waelezwe kabla, na wakitaka kumuaga wapewe nafasi. Kumweka kwenye friza nyumbani, jinsi wengine wanavyoshauri, ni mateso, usikubali.

Leo usiku nenda na karatasi yenye madoa, uzito wake, na picha ya video ya sekunde 20 akijivuta. Ndani ya kliniki hamsta aliyeogopa hujikunja asitembee kabisa.