Mtemi kashuka na kofia ya chama, halafu mnataka nimpigie magoti?

Wakuu, nina hasira na leo sitaki kuzificha.

Kipindi cha kampeni tuliitwa itemelo, yaani kwenye makao ya mtemi (chifu wetu), kijijini kwetu Usukumani. Tangazo lilisema ni kikao cha mila: mvua imechelewa, na njia ya mifugo imezibwa na mashamba. Kila kaya ikatoa elfu tano ya kununua ng'ombe wa kikao. Ng'oma zikatolewa nje, wazee wakaketi. Saa nane mtemi huyo anafika, anashuka kwenye gari lenye bendera ya chama, kofia ya chama kichwani, ngozi ya utemi imetupiwa begani juu ya fulana ya mgombea udiwani. Mgombea mwenyewe kawekwa mkono wa kuume. Mvua haikutajwa. Njia ya ng'ombe haikutajwa. Tukaambiwa huyu ndiye mtoto wa itemelo, anayempinga anapinga ng'oma. Ng'ombe akaliwa na wapambe. Elfu tano yangu naidai mpaka leo.

Mjomba wangu ni kiongozi wa tawi la chama kingine. Ndiye huyo huyo ambaye miaka yote amekuwa akiwamba zile ng'oma. Alinyanyuka kimya, akachukua baiskeli yake, hajarudi tena. Sasa jirani kang'oa minyaa ya mpaka wa shamba la mjomba. Zamani kesi hiyo ilikuwa ya asubuhi moja tu kwa mtemi, jioni mnakula ugali sahani moja. Nikamwambia aende. Akanijibu: "Niende kwa refa aliyevaa jezi?" Anazungushwa baraza la kata hadi leo.

Sheria ilishawavua machifu mamlaka mwaka 1963. Hawana polisi, hawana kodi, hawana mahakama. Walichobakiwa nacho ni kwamba mimi na wewe tunaogombana bado tunakubali kukaa mbele ya mtu mmoja. Hicho ndicho wanachokiuza kwa kofia na mafuta ya gari!

Na wasitudanganye kwamba ni jambo geni. Usukumani, kuanzia 1954 mpaka 1958, serikali ya mkoloni iliinyima TANU ruhusa ya kuendesha matawi, na watemi wengi wakasimama na gavana. Watemi hao ndio waliokuwa wakitutoza kodi na kulazimisha watu wapunguze mifugo. Walipofutwa, unadhani nani alilia?

Najua kuna atakayekuja na mifano ya machifu Fundikira aliyekuwa waziri na Adam Sapi Mkwawa aliyekuwa Spika, na Nyerere mwana wa chifu. Sawa. Ila hao walikaa bungeni wakabanwa maswali kama wanasiasa wengine. Mtu wetu hataki maswali, anataka makofi ya mila na posho ya siasa kwa pamoja.

Nyie wa juu nanyi mmechangia. Septemba 2021 pale Kisesa, Magu, Rais Samia alisimikwa akaitwa Chifu Hangaya. Kumpa mgeni jina ni heshima, sina neno. Lakini Rais huyo ndiye mwenyekiti wa CCM. Chifu wa kijijini akiona vile, ataambiwa na nani kwamba kofia na ngozi havivaliwi siku moja?

Uganda wameandika kwenye katiba ya 1995 kwamba kiongozi wa jadi haingii siasa za vyama. Ghana, chifu akitaka ubunge anaacha kiti kwanza. Zimbabwe nao wamekataza, na machifu wanavunja kila siku, lakini angalau 2018 mahakama ilimwamuru mkuu wa baraza lao, Fortune Charumbira, afute kauli zake za kukipigia debe chama tawala. Sisi hata pa kushtaki hatuna, maana kisheria mtemi ni raia tu mwenye ngozi.

Basi anayetaka udiwani akachukue fomu, ng'oma aziache. Kwetu ile kubwa imepasuka tangu masika, na mwambaji wake mnajua yuko wapi.