Valvu kwa ajili ya sauti ya kompyuta: je, zina faida ya kweli?

Msikilizaji:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaunda kompyuta mpya ambayo kazi yake kubwa itakuwa kusikiliza muziki kwa hedifoni za omu 32, na nimevutiwa na wazo la kupitisha sauti yake katika valvu, yaani zile za kioo zenye ombwe ndani zilizotumika katika redio kabla ya transista kuenea. Wazo lenyewe si geni, kwa kuwa mwaka 2002 kampuni ya AOpen ya Taiwan iliuza ubao mama wa Pentium 4 ulioitwa AX4B-533 Tube, wenye valvu ya Sovtek 6922 iliyosimamishwa juu yake. Naomba kueleweshwa mambo mawili. Je, valvu iliyo kwenye ubao mama au kadi ya sauti inaweza kuboresha sauti inayotoka katika faili la dijitali? Na kama inaweza, volti 12 zinazopatikana ndani ya kompyuta zinaitosha?

Mwanasaketi:

Ndugu Msikilizaji, nianze na swali la kwanza. Valvu haiwezi kuongeza habari yoyote ambayo kigeuzi cha dijitali, yaani kifaa kinachogeuza namba za faili kuwa mawimbi ya umeme, hakikuitoa. Kigeuzi kizuri cha siku hizi hutoa mawimbi safi kuliko yatakavyokuwa baada ya kupita katika triodi moja, yaani valvu yenye katodi inayotoa elektroni, anodi inayozipokea, na gridi iliyo kati yake inayodhibiti mkondo. Kinachotokea ni kwamba mkondo wa triodi haupandi sawasawa na volti ya gridi, na kwa sababu hiyo huzaliwa hamoniki, yaani sauti za ziada zenye masafa mara mbili, mara tatu na kuendelea ya ile ya asili, hasa ile ya pili, ambayo iko oktavu moja juu ya sauti ya asili. Ukiingiza noti ya hezi 440, triodi itaongeza kiasi kidogo cha hezi 880, na sikio hulipokea hilo kama unene wa sauti badala ya kasoro. Huo ndio utamu ambao watu wanaupenda, nami siudharau hata kidogo, lakini yafaa anayeutafuta ajue kwamba ananunua rangi.

Rangi hiyo ina gharama. Noti mbili za hezi 440 na 466 zikiingia kwa pamoja, kule kutopanda sawasawa kunakoleta oktavu kutaleta pia jumla yake, ambayo ni hezi 906, na tofauti yake, ambayo ni hezi 26, na hizo mbili hazina undugu wowote na wimbo unaopigwa. Ndiyo maana mwimbaji mmoja na gitaa lake hupendeza mno kupitia valvu, ilhali kwaya kubwa inaweza kuanza kusongamana.

Kuhusu ile 6922, hiyo ni ya jamii ya ECC88, valvu iliyobuniwa kwa ajili ya hatua ya kwanza ya kupokea mawimbi katika televisheni, na uwezo wake wa kukuza ni takriban mara 33. Sasa tazama mahali inapowekwa. Kigeuzi cha nje kwa kawaida hutoa volti 2 hivi, na hedifoni nyingi za omu 32 hupiga kwa nguvu kwa chini ya volti moja, kwa hiyo hapo hakuna haja ya kukuza volti. Mbunifu anabaki na njia mbili: kuyapunguza mawimbi kwa rezista kisha kuyakuza upya, au kuifunga valvu kwa mtindo wa kutolea sauti kwenye katodi, ambapo ukuzaji hushuka chini kidogo ya moja. Katika mtindo huu wa pili mrejesho wa ndani, yaani wimbi linalotoka kurudi kujisahihisha lenyewe, ni mkubwa kiasi kwamba karibu hamoniki zote hufutika. Mnunuzi anaiona valvu inawaka, lakini rangi aliyoifuata haipo. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, tafuta kwanza mchoro wa saketi yake.

Mkaza Nyaya:

Mwanasaketi amemaliza upande wa sauti, nami naongezea upande wa umeme, kwa sababu hapo ndipo vifaa vingi vidogo hushindwa.

Filamenti ya 6922, yaani waya unaoipasha joto katodi, inahitaji volti 6.3 na ampea 0.3, sawa na wati 1.89, kabla hujasikia chochote. Hali yake ya kawaida ya kufanya kazi ni volti 90 kwenye anodi na miliampea 15 kwa kila moja ya triodi mbili zilizo ndani yake, yaani wati 1.35 kila upande. Ukijumlisha pande mbili pamoja na filamenti unapata takriban wati 4.6, na bado hujahesabu kinachopotea katika kupandisha volti. Tundu la USB 2.0 linatoa wati 2.5 tu. Ukikutana na kifaa chenye valvu ya aina hii kinachojitegemea kwa tundu hilo peke yake, fahamu kwamba anodi haipati haki yake.

Ndani ya kasha la kompyuta volti 12 zipo kwa wingi, na kwa filamenti ni neema, kwa kuwa ni umeme wa mkondo mnyoofu usioleta mngurumo ambao mafundi wa redio za zamani walihangaika nao. Anodi ndiyo yenye tatizo. Triodi iliyobuniwa kwa volti 90 ikipewa 12, elektroni hazivutwi vya kutosha, gridi inalazimika kukaa karibu na sifuri, na kilele cha wimbi kinapovuka kuingia upande chanya, gridi yenyewe huanza kunyonya mkondo, hivyo sauti huharibika kwa ukali ambao hakuna anayeutaka. Ni kweli kwamba katika miaka ya 1950 zilikuwapo redio za magari zenye valvu zilizotumia volti 12 kwenye anodi, lakini valvu hizo zilitengenezwa makusudi kwa kazi hiyo, na hata hivyo spika ilisukumwa na transista.

Inabaki njia ya kupandisha volti kwa saketi ya kukatakata umeme, ambayo nayo huleta kelele zake ndani ya kasha ambamo tayari kuna kadi ya michoro inayovuta mkondo kwa vishindo. Isitoshe, kuna mtetemo. Vaa hedifoni, kisha gonga kioo cha valvu taratibu kwa ncha ya penseli: utasikia mlio mwembamba unaolia na kufifia, kwa sababu gridi ni nyaya nyembamba sana, na umbali wake kutoka kwenye katodi ukibadilika, mkondo hubadilika pamoja nao. Mguso wa penseli hupita, ila feni ya kompyuta hutetemesha bila kukoma.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba utoe sauti nje kwa USB hadi kwenye kigeuzi, halafu uweke valvu ndani ya amplifaya yenye ugavi wake wa umeme, mbali na kasha.

Kioo Chekundu:

Nakubaliana na ushauri huo kwa valvu za zamani, lakini msiufunge mlango kabisa. Mwezi Januari 2015 kampuni za Korg na Noritake Itron zilitangaza Nutube 6P1, ambayo ni triodi mbili zilizotengenezwa kwa teknolojia ya vile vioo vya kuonyeshea tarakimu kwa mwanga wa kijani-buluu. Anodi yake inafanya kazi kuanzia volti 5 hadi 80, na filamenti inahitaji volti 0.7 na miliampea 17 kwa kila upande, yaani takriban miliwati 12. Linganisheni na wati 1.89 alizotaja Mkaza Nyaya. Kwa volti 12 za kompyuta kifaa hiki kiko nyumbani, na hamoniki yake ya pili ni ya kweli.

Udhaifu wake ni mtetemo, kwa maana filamenti yake ni nyaya nyembamba zilizovutwa kama nyuzi za gitaa, hivyo lazima ifungwe juu ya mpira laini na iunganishwe kwa nyaya zinazopinda. Pia isiunganishwe moja kwa moja na hedifoni, na kanuni hii ni ya valvu zote ndogo. Hata 6922, ambayo ukinzani wake wa ndani ni mdogo kwa kulinganisha, ina takriban kiloomu 2.6, hivyo ukiweka mbele yake hedifoni za omu 32, zinabaki na asilimia 1.2 tu ya volti. Baada ya valvu lazima iwepo hatua ya transista inayotoa mkondo. Wapo wanaoona kwamba kuchanganya hivyo kunaharibu usafi wa wazo. Mimi naona kila kifaa kinapewa kazi inayokifaa.

Msikilizaji:

Nawashukuru sana. Nimeacha mpango wa kadi ya ndani, na sasa naelekea kwenye amplifaya ya nje. Hata hivyo, nitajuaje kwamba nitaipenda rangi hiyo kabla sijatoa fedha?

Mwanasaketi:

Jaribu kwa programu. Chukua wimbo unaoufahamu vizuri, na katika programu ya kuhariri sauti inayokubali fomula, badilisha kila sampuli, yaani kila namba inayounda wimbi la sauti, yenye thamani kati ya -1 na 1, kwa kuiongezea mraba wake uliozidishwa kwa 0.02. Kwa wimbi safi linalofika kileleni utapata hamoniki ya pili ya asilimia 1, na kwa wimbi la nusu ya kimo hicho itakuwa asilimia 0.5, kama inavyokuwa katika triodi yenyewe, ambayo rangi yake hupungua sauti inapopungua. Kisha sawazisha nguvu ya nakala zote mbili hadi tofauti isizidi desibeli 0.1, kwa kuwa sikio hupendelea kilicho juu hata kwa kiasi kidogo, na umwombe mtu mwingine akuchezee bila kukuambia ipi ni ipi. Usipoweza kuzitofautisha, ongeza kipimo hadi 0.06 na urudie. Ukiipenda nakala yenye hamoniki mara nyingi kuliko nyingine, nunua au ujenge amplifaya kwa moyo mmoja.

Mkaza Nyaya:

Na ukiamua kuijenga mwenyewe, ndugu yangu, zingatia kwamba kapasita za upande wa anodi hubaki na chaji baada ya kuzima. Weka rezista ya kiloomu 220 sambamba na kapasita kuu. Kwa kapasita ya maikrofaradi 47 iliyojazwa volti 90, dakika moja inatosha kuishusha chini ya volti 1. Hata hivyo, pima kwa mita kila mara kabla ya kuingiza mkono, kwa sababu rezista hiyo ikikatika hakuna dalili yoyote utakayoiona kwa nje.