Nimeitwa "kahaba" getini watoto wanasikia, mjumbe anasema eti sio tusi ni Kiswahili cha wazee!

Wakuu naandika nikiwa bado natetemeka kwa hasira. Juzi nimerudi saa sita na nusu usiku, mimi napika kwenye mgahawa Kariakoo, tunafunga saa tano, na daladala za Mbagala muda huo mnazijua. Nagonga geti, baba mwenye nyumba anafungua ananipokea na "kahaba wewe, hapa kwangu sio danguro!" Watoto wa wapangaji wenzangu wako dirishani wanasikia kila kitu.

Asubuhi nikaenda kwa mjumbe, mzee wa watu, nimemwamkia vizuri nikamweleza, ananijibu "mwanangu hilo sio tusi, hata kwenye Biblia limo".

Limo ndio, Rahabu wa Yeriko kwenye Yoshua anaitwa hivyo. Sasa mimi na Rahabu wapi na wapi?? Mimi narudi na harufu ya vitunguu mikononi!

Na neno lenyewe limetoka kwa Waarabu, qahba, mwanamke anayeuza mwili, hakuna maana nyingine ya heshima iliyofichwa humo. Wanazuoni wao wa lugha wa zamani walilihusisha na kukohoa, wakisema wanawake hao walikuwa wanakohoa kumwashiria mteja. Yaani aliyekohoa kapachikwa jina mpaka leo, na yule mwanaume aliyesimama gizani anasubiri kusikia kikohozi hakupewa jina lolote! Huku kwetu mwanaume wa hivyo anaitwa kiwembe, na anacheka akiitwa.

Wangeniita changudoa mjumbe angekubali nimetukanwa, wakati changudoa ni samaki tu masikini ya Mungu, changu mwenye doa jeusi ubavuni, nendeni Feri mtamwona. Ila kahaba kwa kuwa lina mvi ndo nilimeze? Kanuni ya Adhabu kifungu cha 89 kinakataza lugha ya matusi ya kuvunja amani, hakijasema tusi likizeeka linaruhusiwa.

Kodi nimelipa ya miezi sita, imebaki minne, sihami ng'o. Nataka aniombe radhi pale pale getini na watoto wale wale wasikie. Aliyewahi kupeleka jambo kama hili polisi au serikali ya mtaa anielekeze nianzie wapi, kesho niko off.