Barazani Unguja: tangu lini swali la kwanza likawa "wewe wa upande gani?"

Mrudi Nyumbani aliuliza:

Assalamu alaykum. Nimerudi Unguja baada ya miaka mingi ya kazi Muscat, na kuna jambo limenikaa moyoni. Nilipokuwa mdogo, babu yangu, aliyekuwa Afro wa damu, yaani mfuasi wa chama cha Afro-Shirazi, alikuwa akikaa kila alasiri kwenye baraza ya jirani yake, ambaye zamani alikuwa Hizbu, mfuasi wa chama pinzani cha ZNP. Walikuwa wakibishana juu ya mambo ya nyuma mpaka kahawa ikapoa vikombeni, na adhana ya magharibi ikisikika wakiondoka pamoja kwenda msikitini. Juzi nilikaa kwenye baraza ile ile. Kijana mmoja akaanza kueleza jambo kuhusu mchele wa mtaani, na kabla hajafika mbali mwenzake akamkata: "Kwanza wewe wa upande gani?" Mazungumzo yakafa pale pale, na watu wakarudi kwenye dhumna zao. Ninauliza: haya yameletwa na mfumo wa vyama vingi uliorudi mwaka 1992, au yana mzizi mwingine?

Msomaji wa Ng'ambo alijibu:

Karibu nyumbani, ndugu yangu, lakini tusiwapambe babu zetu kuliko walivyokuwa. Zama za siasa, yaani tangu uchaguzi wa kwanza wa Julai 1957 hadi Mapinduzi ya 1964, watu wa visiwa hivi walisusiana mpaka madukani na misibani. Wakulima waliokuwa wakilima chini ya minazi na mikarafuu ya watu walitimuliwa mashambani kwa sababu ya chama walichokipigia kura, nao wenzao wakagoma kununua kwenye maduka ya wapinzani wao. Fujo za uchaguzi wa Juni 1961 ziliua watu 68. Kwa hiyo wazee wale uliowaona walikuwa wamekwishaona mwisho wa ubishi usio na mipaka. Tena ukumbuke kwamba baada ya 1964 chama kilikuwa kimoja, na mtu mwenye akili zake hakubishana barazani juu ya serikali iliyoko, bali juu ya iliyopita. Huenda sehemu ya ile adabu unayoisifu ilikuwa hofu.

Mwalimu wa Wete alijibu:

Ninakubaliana na Msomaji kuhusu historia, ila mimi ninataka kusema niliyoyaona mwenyewe huku Pemba. Mama yangu alifariki katikati ya miaka ya tisini. Kaka yangu alikuwa na kadi ya chama ambacho mtaa wetu haukukipenda, basi waliokuja kuchimba kaburi hawakuzidi kumi, na baadhi ya wanawake tuliokuwa tukipika nao shughuli zote walipita mbele ya mlango wetu bila kugeuza shingo. (Baraza mnazozizungumzia, kwa njia, ni za wanaume. Sisi ubishi wetu ulikuwa jikoni, kwenye kupeta mchele wa harusi, na huko nako masufuria yaligawanyika.)

Baada ya mauaji ya Januari 2001, waandamanaji wa upinzani walipopigwa risasi na polisi, hali ilizidi kuwa mbaya. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hakunipa salamu kwa miaka minane. Kisha tarehe 5 Novemba 2009 Rais wa Zanzibar Amani Karume wa CCM na Maalim Seif Sharif Hamad, kiongozi wa chama cha upinzani cha CUF, wakakutana Ikulu, na haukupita mwezi, yule jirani akabisha hodi akiwa na boga. Hakuomba radhi wala hakutaja siasa. Alisema tu, "Boga hili limenizidi." Tangu siku hiyo ninaamini kwamba watu wengi hawakuwa na chuki kama tulivyodhani, walikuwa wakingoja wakubwa wawaruhusu kusalimiana. Jambo hilo linanifurahisha na kunitisha kwa pamoja, kwa sababu ruhusa inayotoka juu huweza pia kurudi juu.

Mtu wa Sheria alijibu:

Na ilirudi, Mwalimu. Kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 ilipitisha serikali ya umoja wa kitaifa kwa asilimia 66.4, na uchaguzi wa Oktoba mwaka huo, ingawa tofauti ya wagombea wawili ilikuwa kama asilimia moja tu, ulimalizika vizuri: Maalim Seif, aliyeshindwa na Dk. Shein wa CCM, aliyakubali matokeo hadharani. Miaka mitano baadaye, tarehe 28 Oktoba 2015, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar akafuta uchaguzi mzima, ukarudiwa Machi 2016 bila CUF kushiriki. Agosti mwaka huo, katika mazishi ya Mzee Aboud Jumbe, rais wa zamani wa Zanzibar, Maalim Seif alikataa kuupokea mkono wa Rais Shein. Nakumbuka kwamba nchi nzima ilijadili ule mkono kwa wiki kadhaa, kama kwamba tatizo lilizaliwa makaburini.

Mimi sitetei kunyimana mikono msibani. Wazee wangu wasingenielewa. Ninachosema ni kwamba mtu hubishana kwa hoja pale anapoamini kuwa hoja inaweza kubadili kitu. Akikwisha kuona kwamba hesabu ya kura inaweza kuwekwa kando, ukimwambia "tujadiliane kwa staha" anasikia "nyamaza". Mzee Hassan Nassor Moyo, aliyeongoza kamati ya watu sita ya maridhiano, alifukuzwa na chama chake, CCM, mwaka 2015 kwa msimamo wake. Kijana anayeyaona hayo atajifunza kuuliza upande kwanza, kwa usalama wake.

Mnywa Kahawa alijibu:

Mimi nina dogo. Baraza ilikuwa na mwenyewe: aliyejenga nyumba, na ukimtukana mgeni wake umemtukana yeye, basi angekwambia waziwazi uondoke. Maskani, yaani kijiwe cha siku hizi, ina chama. Ubao wa Kisonge, maskani ya CCM pale Michenzani, haukuwekwa kwa ajili ya kujibizana bali kwa ajili ya vijembe, na ukienda Jaws Corner, kijiwe cha wapinzani Mji Mkongwe, utakuta kahawa nzuri na upande wa pili wa vijembe hivyo hivyo. Vikombe ni vile vile, kashata ni zile zile, lakini hakuna anayeona aibu mgeni akidhalilishwa.

Mrudi Nyumbani aliandika tena:

Nawashukuru nyote, hasa Mwalimu kwa boga lake. Baada ya kumsoma Mnywa Kahawa nilikwenda kwa mwenye baraza, ambaye ni mjukuu wa yule jirani wa babu, nikamwomba amwite tena yule kijana. Alikuja jana, akapewa kikombe, na safari hii aliachwa amalize. Alichotaka kusema ni kwamba duka la pembeni linapunja kwenye mizani, na alikuwa amekwenda kupima kilo yake kwenye maduka mawili mengine kuhakikisha. Aliyemkata siku ile ni binamu wa mwenye duka.