Najitolea tu, nimeletewa fomu ya usiri, nisaini au niache?

Kimya Kingi: Habari wakuu. Najitolea kwenye shirika moja linalosaidia familia zenye shida, kazi yangu kuingiza taarifa kwenye kompyuta, mshahara hakuna posho hakuna. Juzi mratibu kaniletea karatasi inaitwa makubaliano ya usiri, anaitaka kabla ya Ijumaa, inasema nisitoe taarifa YOYOTE niliyoiona au kuisikia hata nikishaondoka. Mimi sio mwajiriwa, hata barua sina. Wanaweza kunifunga hivi? Nisaini au niache? Silali vizuri.

Ngoja Waje: Ngoja waje wajuzi, nimekaa pale.

Bundi wa Mchana: Yaani hawakulipi halafu na mdomo wanautaka bure 😂

Mama Wawili: Kujitolea ni sadaka mwanangu. Mwenye nia safi karatasi haimtishi. Nyie mnaenda kutafuta cha kuandika kwenye sivii ndio maana mnahangaika.

Faili Jekundu: Mkuu mimi nasimamia wanaojitolea, fomu hizi ni kawaida na kulipwa au kutolipwa hakuhusiki. Kinachoangaliwa ni unachokishika, nani anaumwa nini, nani anapigwa nyumbani, namba za wafadhili. Hiyo ya "hata ukiondoka" ni sawa, ugonjwa wa mtu hauachi kuwa siri yake eti kwa sababu wewe umeacha kwenda. Ila fomu ya maana inataja siri ni zipi, haiandiki "yoyote" ikaishia hapo, na inaacha milango: kilichokwisha tangazwa hadharani sio siri, mahakama ikiagiza unasema, mtoto akiwa hatarini unatoa taarifa. Sasa niambie, hii husainiwa mwanzoni kabla hujapewa paswedi. Kwako imekuja sasa kwa nini?

Kimya Kingi: Nina kama mwaka pale. Sijui kwa nini sasa.

Dada Mpole: Mnanikumbusha nilipokuwa napokea simu za ushauri, tuliambiwa ukikutana na mteja mtaani usimsalimie mpaka aanze yeye. Siku moja niko kwenye harusi nikaitambua sauti ya mama mmoja meza yetu, akawa ananiangalia anasema sauti yako naifahamu, nikamwambia nafanana na wengi. Mume wangu alinihoji njia nzima na mpaka leo sijamwambia.

Faili Jekundu: Kimya Kingi hujajibu. Kuna kitu uliuliza, au ulichukua?

Kimya Kingi: Haya. Tarehe iliyochapwa kwenye fomu ni ya mwaka jana, nilipoanza. Na mwezi uliopita niliona orodha ya waliopokea msaada majina yanajirudia, namba moja ya simu ina familia nne, nikamuuliza mratibu akasema hayanihusu. Nikaipiga picha, ipo kwenye simu yangu. Sikuiba, orodha nimeiandika mimi. Kuna mwandishi wa habari nimeshamwambia nitamtumia, sijatuma bado. Na msiniambie nirudi kwa mratibu.

Faili Jekundu: Hilo ndilo ulipaswa kuanza nalo. Kwanza usisaini kwa tarehe ya nyuma, weka ya siku unayosaini. Pili namba moja kwa familia nne inaweza kuwa ya jirani mwenye simu, sio lazima wizi. Tatu kama ni wizi kweli, pa kupeleka ni bodi, mfadhili au mamlaka inayosajili mashirika. Ulaya sheria yao ya 2019 ya kulinda watoa taarifa inawataja kabisa wanaojitolea, ila hata kule kukimbilia vyombo vya habari moja kwa moja kuna masharti. Kwenye hiyo picha kuna familia za kweli.

Kimya Kingi: Bodi ni ndugu zake mkurugenzi, nani atanisikiliza? Majina nitayafuta kabla ya kutuma, nimeshafikiria.

Jicho la Tatu: Hii ni chai jamani. Asubuhi shida ni karatasi, jioni kuna majina hewa na mwandishi wa habari. Halafu orodha anasema kaiandika mwenyewe, sasa hayo majina hewa kayaandika nani?

Bundi wa Mchana: 😂😂 kesi imegeuka

Kimya Kingi: Naletewa fomu za karatasi naziingiza, situngi majina!

Dada Mpole: Mimi nahisi huyu ndiye mratibu anapima upepo.

Mama Wawili: Au ndio huyo mwandishi.

Jicho la Tatu: Weka picha ya hiyo fomu tuamini, jina la shirika lizibe.

Kimya Kingi: Siwezi. Kuna kifungu kinasema yaliyomo kwenye fomu yenyewe nayo ni siri.

Bundi wa Mchana: Hujasaini na umeshaanza kuitii 😂😂

Faili Jekundu: Hicho kifungu mwambie akitoe. Fomu usiyoruhusiwa kumwonyesha hata mwanasheria usiisaini. Na simu unayotumia kuandika hapa ndiyo yenye ile picha?