Eti mlima "nimeupiga pasi"?! Huyu mtu anyang'anywe faili la mwinuko

Kontua_Kali: Wakuu, mnamjua, sina haja ya kumtaja. Kaulizwa kwa nini modeli yake ya kompyuta ya kutabiri hali ya hewa imetoa manyunyu mahali ambapo mteremko mzima umeshuka na mafuriko. Jibu lake, mbele ya watu: "Mlima ulikuwa unasumbua, nimeupiga pasi." PASI! Yaani kalainisha mlima wa mita 3,000 kwenye faili la urefu wa ardhi!

Gridi yake, yaani miraba ambayo modeli inaigawia ardhi, ni ya kilomita 25 kila upande. Mlima wenye upana wa kilomita 10 ukigawanywa humo unabaki mita mia chache. Hewa yenye unyevu ikishaanza kutunga mawingu hupoa kama nyuzi 5 au 6 kwa kila kilomita inayopanda, ndipo maji yanapomwagika. Sasa itapanda wapi, kwenye nguo iliyonyooshwa? Hata gridi ya kilomita 3 haioni vizuri umbo lililo chini ya miraba 6 au 7, kama kilomita 20 hivi. Na yeye juu ya hapo kapiga pasi!!

Sigma7: Punguza jazba mkuu. Usipolainisha kabisa, modeli inalipuka, yaani namba zake zinakua bila kikomo. Tabaka za chini za hewa kwenye modeli zinafuata umbo la ardhi, mteremko ukiwa mkali hesabu ya mgandamizo wa hewa inakosea na kuzaa upepo wa uongo. Kwa kilomita 3 anza na hatua ya muda (kati ya hesabu moja na inayofuata) ya sekunde 18, ikilipuka shuka 12. Mlima uguse mwisho.

Kontua_Kali: Kwani yeye alishusha hatua? KAPIGA PASI.

Mzee_wa_Upepo: Mleta uzi umelia mpaka bonde limejaa 😂 Upepo wa mita 10 kwa sekunde, hewa ikiwa na utulivu wa kawaida, unamudu kupanda kama mita 1,000 tu. Kinachobaki kinazunguka mlima, na mvua inaweza kunyesha kabla hata ya kuufikia.

Theluji_Tele: Pasi si kitu. Kuna wanaokosea kasi ya kuanguka! Theluji inayoanguka mita 1 kwa sekunde ikitoka kilomita 2 juu, kwenye upepo wa mita 20 kwa sekunde, inatua kilomita 40 mbele, upande wa kivuli cha mvua, yaani upande mkavu wa nyuma ya mlima. Tone kubwa la mvua halifiki hata kilomita 7.

Sigma7: Na wanaoacha skimu ya mawingu marefu (hesabu ya kukadiria mvua ya mawingu ambayo gridi kubwa haiyaoni) ikiwaka kwenye gridi ya kilomita 3? Mvua inahesabiwa mara mbili.

Bonde_Kavu: Mnahakiki mvua ya modeli kwa kutumia nini lakini? Vipima mvua vyote viko bondeni, na mwale wa rada ukigonga mlima nyuma yake huoni kitu.

Mzee_wa_Upepo: Mambo ya rada fungua uzi wako.

Bonde_Kavu: Si ndio huu?